Dawa Inayolisubiri Jua

Bi Ashatu binti Mwinyimvua hasingi tena mabibi harusi. Ukimfuata nyumbani kwake hapa Dunda atakukaribisha vizuri, atakupa chai ya tangawizi, atakuuliza hali ya watoto wako mmoja mmoja, lakini ukitaja harusi tu anainuka kwenda kuchungulia maharage jikoni. "Mtafute mwingine, mwanangu." Basi. Wako wanaosema anajivuna. Wako wanaosema amepata mume Oman na ametajirika. Watu wa mji huu wakikosa habari huzitunga, tena huzitunga kwa sauti, mbele ya kibaraza changu, mimi nikikaanga mihogo yangu. Nimechoka kusikiliza. Mimi Mwaija ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nilikuwepo tangu mwanzo mpaka mwisho wake kule Miono, na nitasema ilivyokuwa.

Kwanza mumjue mwenyewe. Ashatu ni mrefu, mkavu, na sauti yake ni ya amri hata anapoomba chumvi. Mumewe, marehemu Hamidu, alikuwa seremala mpole, na tulikuwa tukimtania kwamba nyumbani kwake hata jogoo huwika kwa ruhusa ya mama. Mungu hakuwajalia mtoto. Ashatu akasema watoto wake ni mabibi harusi, na kweli, ukipita naye kwenda sokoni, wanawake wazima wenye watoto mgongoni wanasimama njiani, "Shikamoo, somo," naye marahaba yake anaitoa kama mtu anayegawa sadaka. Yeye ndiye aliyewaweka ndani, akawafunda, akawasinga mpaka ngozi zikawa laini. Singo yake aliirithi kwa bibi yake: liwa, karafuu, waridi kavu, manjano, ndimu, na vitu vingine ambavyo mimi sivijui mpaka leo, maana miaka yote niliyosaga naye, ukifika wakati wa kupima alikuwa ananigeuzia mgongo. Hakuwahi kuharibu ngozi ya mtu. Hilo alilisema yeye na tulilisema sisi, na nadhani tulilisema mno.

Mwaka juzi, ulipoingia mfungo mosi na harusi zikaanza, Adila wa Fukayosi alimleta binti yake Zuhura aje kuwekwa ndani kwa Ashatu. Si kawaida mwali wa Fukayosi kuwekwa ndani mjini, lakini Adila alikuwa na sababu. Zuhura alikuwa na mbalanga. Doa moja jeupe lilianzia chini ya sikio likashuka shingoni, na mengine mawili yalikuwa begani. Hauumi ugonjwa ule, wala hauambukizi, lakini kijijini ukiwa na doa jeupe watu hawasubiri kuuliza. Msichana alikuwa amezoea kujifunga mtandio tangu yuko shule, na upande wa mchumba, watu wa Miono, hawakuambiwa kitu.

Adila alifunua ncha ya khanga akatoa kichupa cha kahawia. Alikuwa amempeleka binti yake kwa daktari wa ngozi Dar es Salaam, na daktari alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Chovya pamba, gusa doa tu, usiguse ngozi nzima. Kisha aote jua la asubuhi kwa dakika chache. Kisha aoshe kwa sabuni na ajifunike kutwa. Asizidishe dawa wala jua.

"Sasa, somo," Adila akasema, "mwali haoni jua. Tutafanyaje?"

Ashatu alikishika kichupa, akakinusa, akakitikisa karibu na sikio. Mimi nilikuwa nachambua waridi pale chini.

"Hili dogo," akasema. "Palipopungua jua, tutazidisha dawa."

Mtu mwingine yeyote angeuliza. Lakini kwa mwanamke aliyekaa miaka yote akiwaficha wasichana wasiguswe na jua, jua ni adui wa ngozi, na dawa ni rafiki yake. Angewezaje kufikiria kwamba dawa hii na jua ni kitu kimoja? Akaona daktari ni mtu wa mjini, hajui mambo ya mwali. Na kwa kuwa madoa yangepata rangi mpya na ngozi nyingine ingebaki vilevile, akaona heri rangi itembee sawasawa. Akamimina dawa ndani ya singo. Akamsinga Zuhura shingo, mabega, mgongo na mikono, asubuhi na jioni, kwa viganja vyake mwenyewe, huku akimfundisha namna ya kukaa na mume.

Niliyoyajua baadaye niyaseme hapa, msije mkapotea. Alinieleza nesi Sophia wa zahanati yetu. Dawa ile peke yake haifanyi kitu. Inaingia kwenye ngozi, inapenya mpaka ndani ya seli, pale penye vinasaba vinavyoiambia seli ijitengeneze vipi, inatulia. Inalisubiri jua. Jua likipiga, dawa inaamka na kujishona kwenye vinasaba, kama zipu iliyopigwa uzi. Seli haiwezi tena kujifungua ikajigawa. Kidogo chake, chini ya jicho la daktari, kinaamsha rangi ya ngozi. Kikizidi, seli zinakufa kwa makundi, ngozi inaiva. "Na zinazokufa sizihofii sana," Sophia aliniambia. "Nahofia zinazobaki hai zikiwa zimeharibika. Hizo ndizo zinaweza kugeuka saratani miaka mingi mbele." Ndimu nayo, akasema, ina kitu cha jamii hiyohiyo.

Kwa hiyo yule msichana alikuwa anakaa kwenye kile chumba cha giza, anachekacheka, ananukia kama sanduku la Mwarabu, na kila siku ngozi yake ilikuwa inabebeshwa mzigo usioonekana. Hakuwashwa, hakuumia. Ashatu alimleta dirishani akainua pazia kidogo nione. "Umeona ngozi hiyo?" Nikasema mashallah. Ilikuwa nzuri, wallahi, na hata sasa nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Ila mwenye kusinga hakukaa gizani. Ashatu alitoka kwenda sokoni, alianika liwa uani, alisimama juani kubishana na muuza samaki kama desturi yake. Siku moja nikaona migongo ya viganja vyake imekuwa myekundu. Akasema ni mvuke wa chungu. Kesho yake wekundu umepanda mpaka karibu na viwiko, umevimba. Akasema ni manjano mabaya, yule Mpemba amemuuzia ya zamani. Halafu yakatoka malengelenge, makubwa, yamejaa maji, mengine yamefuatana kama tasbihi. Nikamwambia, "Ashatu, huo si mvuke." Akanifokea nichambue waridi.

Alhamisi jioni gari lilikuja kumchukua Zuhura, vioo vimezibwa kwa khanga, akapelekwa kwao Fukayosi. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kumtoa nje. Kwa wasiojua, kule mwali hatolewi kwa siri. Anapakwa mafuta yang'ae, mabega wazi, shingo wazi, anabebwa begani na mjomba wake, ngoma inapigwa, anazungushwa kijiji kizima kwenye mwanga wa asubuhi ili kila mtu aone alivyopendeza, na watu wanamtuza. Siku hizi wengi wanaunganisha, mwali anatolewa asubuhi na ndoa inafungwa alasiri. Ndivyo walivyopanga.

Ijumaa kabla ya adhuhuri Ashatu alikwenda zahanati peke yake, kwa kuwa mikono ilishindwa hata kukamua kitambaa. Sophia alipoiona akamuuliza ameshika nini. Ashatu akataja singo. Sophia akauliza kuna nini ndani ya singo. Ashatu, ambaye hajawahi kumtajia binadamu vipimo vyake, akavitaja vyote, na mwisho akataja kichupa. Sophia aliniambia alisimama na bandeji mkononi, hakuifunga.

"Huyo binti yuko wapi?"

"Yuko ndani, mwanangu. Hajaona jua."

"Basi asilione. Aoge kwa sabuni, lakini dawa iliyokwisha kuingia haitoki kwa sabuni. Akae ndani siku kadhaa, afunikwe. Mama, unanisikia? Akitolewa juani ataungua kuliko wewe."

Ashatu akaitikia anasikia. Akafungwa bandeji, akarudi. Nilimuuliza kulikoni, akaniambia, "Mafuta ya moto. Jiandae twende Fukayosi." Tukapanda bodaboda mbili. Njia nzima hakugeuka kunitazama, na mimi nikadhani ni vumbi.

Tulipofika alimwita pembeni Raya, shangazi wa Zuhura, ndiye aliyekuwa anasimamia shughuli. Nilimsikia akisema ameona ndoto mbaya, heri mwali atolewe baada ya magharibi. Raya ni mwanamke mnene, mcheshi, lakini pale hakucheka.

"Mwali anayetolewa gizani ana kasoro, Bi Ashatu. Unataka watu wa Miono waseme tumewauzia mbuzi ndani ya gunia? Ana kasoro?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia. Maneno machache tu. Lakini kusema dawa ni kusema mbalanga, na kusema amezidisha ni kusema Ashatu wa Dunda, ambaye hakuwahi kuharibu ngozi ya mtu, ameharibu. Akamtazama Raya, akatazama bandeji zake.

"Hana kasoro," akasema.

Usiku ule alilala chumba kimoja na Zuhura. Alfajiri alimwogesha kwa sabuni ya kufulia, akarudia, akarudia tena, mpaka msichana akalalamika. Kulipopambazuka kulikuwa na mawingu. Mawingu mazito, mazuri, ya kufunika Fukayosi yote, na Ashatu akatoka mlangoni akayatazama akasema alhamdulillahi kwa sauti. Nilimshangaa, maana sisi wengine tulikuwa tunaomba mvua isinyeshe. Hakujua kwamba mwanga unaoamsha dawa ile unapita mawinguni kama maji kwenye chekeche. Sophia hakumwambia hilo, kwani nani angedhani kwamba msichana atatolewa?

Wakampaka mafuta. Wakambeba. Ngoma ikalia, vigelegele vikapanda, na mimi mwenyewe nilicheza, nisiseme uongo, nilicheza mpaka kiuno kikakataa. Zuhura alikaa juu ya bega la mjomba wake macho yameinama kama alivyofundishwa, madoa yamefichwa kwa poda na ua la asumini. Tulizunguka nyumba hadi nyumba. Ashatu alikuwa nyuma ya wote, hachezi, anatazama juu.

Jua lilitoka tulipokuwa karibu na kisima. Lilitoka lote kwa mara moja, mabega ya msichana yakametameta, watu wakapiga kelele za furaha. Ashatu mikono yake ikamshika moto ndani ya bandeji. Aliniambia baadaye kwamba ilikuwa kama kuitia kwenye mafuta ya kukaangia mihogo yangu. Na hapo akajua kwa mwili wake, si kwa maneno ya nesi, kile kilichokuwa kinaingia kwenye ngozi ya Zuhura. Akapenya katikati ya watu.

"Mshusheni! Mshusheni, mtoto anaungua! Nimempaka dawa!"

Ngoma ikakatika. Raya akauliza dawa gani.

"Dawa ya mbalanga," Ashatu akalia, akavua khanga yake akamrushia msichana, akabaki na gauni mbele za wanaume. "Nimeizidisha. Inaamshwa na jua. Mwingizeni ndani!"

Adila alikaa chini palepale mchangani. Watu wa Miono walikuwepo, mama wa bwana harusi alikuwepo, na neno lile lilitembea katikati yao nikaliona likitembea, mdomo hadi sikio. Zuhura aliingizwa ndani amefunikwa gubigubi. Tukamfunua chumbani. Ngozi yake ilikuwa safi. Hakuna wekundu, hakuna lengelenge, hakuna kitu. Raya alipitisha kiganja mgongoni mwake, kisha akamgeukia Ashatu.

"Uko wapi huo moto?"

Sitayarudia aliyotukanwa. Walimwita mchawi, hasidi, tasa mwenye kijicho, na hilo la mwisho lilitoka kwa mwanamke aliyesingwa naye. Ndoa ilifungwa, na hapo niseme kweli, ilifungwa kwa sababu ya bwana harusi mwenyewe. Muharami ni kijana mkimya, analima ufuta, na mama yake alipomvuta pembeni alijibu tukasikia: "Nimeposa mtu, mama, sikuposa shingo." Alasiri yule msichana alikwenda Miono na mumewe, na sisi tuliondoka kwa mguu mpaka njia kuu, maana hakuna aliyetutafutia hata bodaboda.

Njiani ndipo Ashatu aliponiambia yote. Nilikasirika. Na yeye, Mungu anisamehe, alikuwa na uso wa mtu aliyefurahi.

"Umeiona ngozi yake, Mwaija? Haikuwa na kitu. Labda nesi amekosea. Labda mimi ni mwongo tu."

Jumapili alishinda na furaha hiyo. Kila aliyepita kibarazani kumsengenya alimsikiliza kama anasomewa dua. Wakimwita mwongo aliitikia, ndiyo, mimi mwongo. Sijawahi kumwona mtu akiomba kwa bidii vile awe amesema uongo. Mimi nilikwenda kwa Sophia, na Sophia akaniuliza msichana alipigwa na jua kwa muda gani, nikamwambia. Akasema moto wa dawa hii hauji siku ile ile. Unachelewa, unakuja kesho yake au keshokutwa, mtu akishasahau. Nilirudi nikakuta Ashatu anaimba jikoni. Sikumwambia. Ningemwambia ili iweje?

Jumatatu simu yake ililia. Mikono ilikuwa bado imefungwa, nikampokelea mimi nikamwekea sikioni. Sauti ya Zuhura niliisikia hata mimi.

"Somo, njoo."

Tulikwenda na Sophia. Nyumba ya Muharami iko mwisho wa kijiji, na majirani walikuwa wamesimama mbali wakiitazama kama nyumba yenye msiba. Muharami alikuwa mlangoni na ndoo ya maji, macho mekundu. Mama yake alikataa kuingia chumbani. Alidhani ni ukoma. Zuhura alikuwa amelala kifudifudi juu ya shuka jepesi. Shingo, mabega na mgongo wa juu vilikuwa vimeiva, vimejaa malengelenge, mengine yamepasuka, na palipopita viganja vya Ashatu kwa nguvu zaidi palionekana wazi, michirizi ya vidole, mitano kila upande. Sophia akaanza kusafisha. Akatuambia tu kwamba atapelekwa hospitali kubwa jioni ile ile.

Ashatu alipiga magoti kando ya kitanda.

"Itapona, somo?" Zuhura akauliza.

"Ngozi itapona, mwanangu. Lakini nesi anasema utaichunga maisha yako yote."

Sophia alikuwa anamwaga maji polepole. Kisha Zuhura akageuza uso upande wetu.

"Ulijua lini?"

Nilitamani Ashatu aseme uongo. Wallahi nilitamani.

"Ijumaa. Kabla ya adhuhuri."

"Tulilala chumba kimoja Ijumaa."

"Ndiyo."

"Ukaniogesha. Ukakaa kimya."

"Nilikuwa nalinda siri yako, Zuhura. Ningesema dawa, wangejua una..."

"Siri ilikuwa yangu, somo. Ungeniambia mimi, ningeisema mwenyewe mbele yao wote, kisha nikarudi zangu ndani."

Hakupaza sauti. Chumbani hapakuwa na sauti nyingine ila maji yakidondoka kwenye beseni.

"Si siri yako niliyokuwa nailinda," Ashatu akasema.

"Najua," Zuhura akajibu, akafumba macho. "Nilikuita uje uniambie."